Nani Alikuwa Akilala kwa Bi Dawlat

"Hebu soma tena pale pa kahk," alisema Sajini Wagdi.

Wakili Labib Girgis alisukuma miwani juu ya pua, akasoma kwa sauti ile ile aliyotumia maisha yake yote kuwachosha mahakimu wa Iskandaria. "'Nilikuwa nikimkuta Bi Attiyat nyumbani kwa shangazi yake tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Asubuhi ya Idi nilipita kuwaamkia, akanikaribisha kahk alizozioka mwenyewe jikoni mle, zimekolea samli, nikala hadi nikaona haya.' Amekula kiapo, na juu yake akala na vibiskuti vya Idi."

"Na aliyesema ni Mitwalli? Mitwalli wa pale mkahawani?"

"Huyo huyo."

"Huyo mwaka jana aliapa kwamba alishuhudia kuzaliwa kwa mtu aliyemzidi umri."

"Na hakimu alimwamini," alisema Labib. "Ndiyo maana nimekuita."

Wagdi alikuwa amestaafu upelelezi katika kituo cha Attarin, akiwa na pensheni ndogo, koti moja zuri na masikio ambayo serikali ilisahau kuyachukua pamoja na bastola. Siku hizi alimfanyia kazi Labib: kutafuta mashahidi, kuwapima, na kuwatoboa mashahidi wa upande wa pili.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Bi Dawlat, mpangaji wa ghorofa ya pili katika jengo la Haji Ferghali huko Muharram Bey, alikuwa amefariki kiangazi kilichopita. Sheria ya kodi ilisema hivi: ndugu wa karibu aliyeishi na mpangaji mwaka mzima kabla ya kifo chake anabaki palepale, na mkataba unaendelea kana kwamba hakufa mtu, kwa kodi ile ile ya enzi za mfalme. Asiyeishi hapo mwaka mzima, anatoka na vyombo vyake. Attiyat, mtoto wa kaka yake marehemu, alidai aliishi hapo. Haji Ferghali alidai alikuja na sanduku siku ya matanga. Hakimu akaamuru uchunguzi. Attiyat akaleta shahidi mmoja tu, Mitwalli, na sasa ilikuwa zamu ya mwenye nyumba.

"Zamani, Sajini, ofisi hii ilikuwa inanuka pamba," alisema Labib, akitazama dirisha lililoelekea uwanja wa Manshiyya. "Baba yangu aligombea humu marobota yaliyolowa bandarini, meli zilizochelewa, mashamba ya watu wa Delta. Mkataba ulikuwa wa watu wawili. Tukichokana, tunaachana. Kisha serikali ikaja ikaketi katikati yetu na kiti chake: kodi haipandi, mpangaji hatoki, na akifa anarithiwa. Sikatai, bila hivyo nusu ya mji ingelala ufukoni. Lakini nitazame mimi! Nimesoma sheria za Warumi, nimezisoma kwa Kifaransa, ili nije kuuliza godoro la nani lilikuwa chumba gani."

"Angalau godoro nalijua," alisema Wagdi. "Pamba zako nisingezijua."

"Godoro nalo ni pamba." Labib alicheka, kisha akainua kidole. "Masharti ni yale yale. Usimfundishe shahidi hata neno moja. Chama cha mawakili kikisikia nimempangia mtu ushahidi, nitauza maji ya miwa pale chini. Na utakachokipata unakileta humu. Hakivuki kwenda upande wa pili, kiwe kizuri au kibaya."

"Nimekuelewa, Ustadhi."

"Nenda kanitobolee huyo mla kahk."

Mkahawa uliokuwa nyuma ya mahakama ulikuwa na wateja wa aina mbili: waliosubiri kesi, na waliosubiri wenye kesi. Mitwalli alikaa na hawa wa pili. Ni yeye peke yake aliyevaa tai.

"Sajini Wagdi! Basha wangu! Umekuja kunikamata au kuninunulia chai?"

"Itategemea majibu. Kwa Bi Dawlat ulikalia kiti gani?"

Mitwalli hakubabaika. "Cha wageni."

"Cha rangi gani?"

"Rangi ile ya viti vya wageni, Basha. Unajua mwenyewe, ile inayofichwa kwa kitambaa."

"Jiko liko mkono gani ukiingia?"

"Mtu mstaarabu hatazami jiko la watu."

"Zile kahk zilikuwa na nini ndani? Tende, lozi, au tupu?"

"Nilikuwa natafuna, sikuwa nachungulia."

Wagdi aliagiza chai mbili, akangoja mhudumu aondoke. "Mitwalli, umewahi kupanda ngazi za jengo lile?"

"Na magoti haya?"

"Na kiapo ulikula?"

"Nilikula, Basha. Nilikuwa na njaa."

Wagdi alitaka kucheka akajizuia, maana ukicheka na Mitwalli umekwisha. Kazi ilikuwa imekamilika kabla sukari haijayeyuka. Shahidi hakuwahi kufika mahali alipodai kula. Angeweza kunywa chai yake na kurudi kwa Labib. Lakini kitu kimoja kilimkera.

"Kwa nini kahk? Wewe ni mtu wa kazi hii miaka na miaka. Ungesema ulikunywa chai."

"Ah!" Mitwalli aliweka gilasi chini kama fundi aliyeulizwa juu ya ufundi wake. "Asante. Hicho ndicho nilichowaambia. Nikasema, jamani, niacheni ninywe chai. Kila nyumba ina chai, nani atabisha? Kahk ni kitu cha siku moja, kina mwaka wake, kina mashahidi wake. Mwongo mwenye akili hagusi kahk. Lakini karani wa wakili wake akang'ang'ania. Akasema bibi mwenyewe ndivyo alivyosimulia, na alipofika hapo pa kahk alilia."

"Alilia kwa nini?"

"Sikulipwa kuuliza."

"Na kwa nini hakuleta jirani badala yako?"

"Jengo zima halizungumzi naye. Nalo hilo sikulipwa kuuliza."

Wagdi alilipa chai zote mbili, akapanda tramu.

Muharram Bey aliijua tangu akiwa kijana wa doria, wakati balkoni zake zilikuwa na mayungiyungi na kila alasiri vikapu vilishushwa kwa kamba hadi kwa muuza mboga, vikipanda na bilingani na kushuka na matusi kuhusu bilingani. Sasa balkoni nyingi zilikuwa zimezibwa kwa mbao na vioo. Kodi ilipoganda, wenye majumba waliacha kupaka rangi, na wapangaji wakasema nyumba si yao, wapake wao? Rangi ikakosa mwenyewe.

Khalafallah, bawabu wa jengo, alikuwa benchini mlangoni.

"Bi Attiyat, yule mwalimu? Alikuja siku ya matanga, Basha, na sanduku. Haji Ferghali ameniambia niseme… namaanisha, nimemwona kwa macho yangu."

"Ramadhani ya mwaka juzi ulikuwepo hapa?"

"Ramadhani mimi huwa kwetu Sohag."

"Na yeye anafundisha wapi?"

"Damanhur! Si ndiyo nasema! Mtu wa kazi Damanhur atalala vipi Iskandaria?"

"Kwa treni," alisema Wagdi. "Ya alfajiri. Wewe unaamka saa ngapi?"

Bawabu alitazama mbali, kuelekea Sohag.

Ghorofa ya tatu, juu tu ya mlango wa Bi Dawlat, alikaa Hajjat Inshirah. Alifungua mwenyewe, mfupi, mzito, amevaa nyeusi kichwani hadi kisiginoni. Sebuleni, juu ya redio kubwa ya mbao, kulikuwa na picha ya kijana mwenye masharubu membamba na utepe mweusi pembeni.

"Mwanangu Mamduh," alisema, kabla hajaulizwa. "Redio hiyo aliitengeneza mwenyewe. Keti. Umetumwa na Ferghali?"

"Na wakili wake, Hajjat."

"Basi ni Ferghali aliyevaa miwani. Kunywa chai."

Wagdi alianza mbali, kama alivyozoea. Aliulizia Idi za jengo hili, na uso wa Hajjat ukabadilika kidogo.

"Idi? Ulizia Idi za zamani, mwanangu, hizi za sasa ni vifurushi vya dukani. Kumi la mwisho la Ramadhani milango yote ya jengo hili ilikuwa wazi, ngazi nzima ni unga. Chini alikaa Madamu Despina, Mgiriki, mfungo haujui, lakini masinia yake ndiyo yaliyokuwa makubwa, basi tunayateka nyara. Dawlat ndiye wa samli. Aliipasha moto kwa kutega sikio, alikuwa anasikiliza inavyolia! Mimi nilikuwa wa nakshi, na kibanio changu cha shaba. Wanaume tunawatuma kwa mwoka mikate na masinia vichwani, wakirudi wamepunguza sinia wanasingizia paka. Na tukigawiana sahani ngazini, hujui mwisho wake umekula kahk ya nani."

"Na mwaka juzi?"

"Mwaka juzi hakuoka mtu." Alitazama ile picha. "Mamduh nilimzika kumi la kati. Nyumba yenye msiba haioki kahk, hilo unalijua. Lakini hawa majirani, Mungu awalipe, jengo zima halikuoka. Hata Wakristo wa chini walizima redio, na sikukuu yenyewe haikuwa yao. Watu wa zamani hao. Hayo ndiyo yaliyobaki."

Basi ndiyo hivyo. Mitwalli alikuwa amekula vibiskuti vya Idi katika jengo ambalo Idi ile halikuoka hata kimoja. Hakimu yeyote aliyezaliwa Misri angefunga jalada mara tu akilisikia hilo. Wagdi aliinuka, akashukuru, akashika kofia. Kisha, kwa mazoea tu ya kituoni, akauliza swali la mlango wa mwisho.

"Hakuna mlango hata mmoja uliooka?"

"Nimekwambia jengo zima."

"Umeniambia jengo, Hajjat. Mimi nauliza milango."

Hajjat Inshirah aliweka kikombe chini, akasimama, akatangulia bila kusema karibu. Wagdi alimfuata hadi jikoni. Akasukuma dirisha. Lilifunguka juu ya uwazi mwembamba wa katikati ya jengo, ambako madirisha ya majiko yote yalitazamana ghorofa kwa ghorofa. Chini yake moja kwa moja, karibu kiasi cha kudondoshea kijiko, kulikuwa na dirisha la jiko la Bi Dawlat.

"Hapa," alisema. "Nilikuwa nimesimama hapa. Idi imekaribia. Naosha kikombe chake cha chai, kwa sababu kikombe cha marehemu kuna siku utakiosha, utake usitake. Ikapanda harufu. Samli ya moto na ufuta. Nikasema Inshirah, wazimu umekuanza. Nikachungulia. Dirisha la Dawlat wazi, na mwanamke nisiyemjua, mikono imejaa unga, anakanda. Na anaimba! Mwanangu hajakauka kaburini, na huyo anaimba!"

"Ukafanya nini?"

"Nikamwaga ndoo."

"Ya maji?"

"Ya maji ya deki. Yote. Iliingia dirishani, ikashukia sinia." Alifunga dirisha kwa kishindo. "Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia, nimeshahiji. Tangu siku hiyo simjibu salamu. Na jengo hili, kama mimi simjibu mtu, nani mwingine atamjibu?"

Wagdi alitazama lile dirisha la chini. "Bi Dawlat hakumwambia kuwa kuna msiba?"

"Dawlat hakujua. Alikuwa kitandani, moyo. Alimlea Mamduh pamoja nami, daktari akasema mkimwambia mtamzika naye, tukamficha. Yule mwanamke ndiyo kwanza ameingia na sanduku lake kumuuguza shangazi. Dawlat akamwomba amwokee kahk, kama zamani. Nani angemwambia? Sote tulikuwa tumefunga milango tunalia." Alivuta pumzi. "Nilikuja kuyajua hayo baadaye. Lakini kuyajua ni kitu kingine, na ile harufu ni kitu kingine."

"Na baada ya Idi alikwenda wapi?"

"Aende wapi? Kila alfajiri namsikia anashuka kwenda kwenye treni, kila alasiri anapanda na mboga. Ameingia Ramadhani ya Mamduh, ikaja Ramadhani nyingine akiwa hapo, hadi Dawlat alipokufa kiangazi mikononi mwake." Akamtazama Wagdi kwa macho makali. "Ferghali anataka nikaseme mahakamani. Anasema, Hajjat, wewe ndiye unayemjua zaidi. Nikaseme nini?"

"Siruhusiwi kukwambia cha kusema, Hajjat."

"Nani kakukataza?"

"Sheria ya kazi ya wakili wangu."

"Basi mmejitungia sheria nzuri," alisema Hajjat Inshirah. "Unakuja, unanichokonoa kidonda, halafu sheria inakwambia kimbia."

Ngazini Wagdi alikutana na mwanamke mwembamba, mwenye mkoba wa mwalimu begani na mfuko wa bamia mkononi. Alipomwona alisimama, akabana ukutani ampishe.

"Wewe ni mtu wa Haji Ferghali," alisema. "Nilikuona mahakamani. Sina la kukwambia."

"Wala mimi siruhusiwi kuzungumza nawe, Bi Attiyat."

"Basi shuka salama."

Wagdi alishuka ngazi kadhaa, akageuka. Alijua anakosea, na alikosea kwa sauti ya chini. "Lakini huyo wa juu ndiye shahidi wako. Kwa nini ukamwacha, ukaenda kumkodi Mitwalli?"

Attiyat hakukasirika. Alipanga upya bamia zake kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Ningemwendea kwa uso gani? Nimwambie, mama, njoo uape kwamba siku ile, mwanao akiwa kaburini, mimi nilikuwa chini ya dirisha lako nakanda unga?" Akaanza kupanda. "Bora nirudi Damanhur, kwenye chumba cha kaka yangu na watoto wake wote. Nitatundika kitanda ukutani."

Labib alisikiliza yote bila kugusa kahawa yake.

"Kwa hiyo Mitwalli amesema kweli," alisema mwishoni.

"Kwa bahati mbaya tu, Ustadhi. Ametoa ushahidi wa uongo juu ya jambo la kweli. Karani alimlisha, lakini aliyepika ni yule mwalimu mwenyewe."

"Nimefanya kazi hii miaka yote sijakutana na kitu hicho." Alivua miwani. "Basi ni rahisi. Hajjat hatumwiti. Tunamtoboa Mitwalli, anaanguka, na kesi yao inaanguka naye. Nyumba inarudi kwa Haji."

"Na yule mwalimu?"

"Sisi si upande wake, Sajini."

"Najua."

"Unajua, lakini umekaa kama mtu asiyejua."

Mlango ulifunguka akaingia Haji Ferghali, mwenye jengo, amenukia misiki, amebeba sanduku la halua kama mtu aliyekwisha shinda.

"Ustadhi! Nimempata shahidi. Hajjat Inshirah! Anamchukia yule mwanamke kuliko mimi. Mwite."

Labib alivaa tena miwani, akafanya kile wakili anachotakiwa kumfanyia mteja wake, hata mteja akiwa Ferghali: alimweleza kila kitu, ndoo, samli, treni na vyote. "Nakushauri usimwite," alimaliza. "Ameona kila siku ya mwaka ule. Akiapa, atasema alichokiona."

Ferghali alicheka hadi tasbihi ikatikisika. "Mama aliyefiwa amwokoe yule? Huyo aliyemwimbia kwenye msiba? Ustadhi, wewe unajua vitabu, mimi nawajua wapangaji wangu. Nimezeeka nao, hawafi na hawatoki! Jana nimemwambia nitamtengenezea pampu ya maji. Akanyamaza. Akinyamaza ndiyo amekubali."

"Sijakusikia ukitaja pampu," alisema Labib. "Na usiitaje tena humu. Nakurudia: usimwite."

"Nilikulipa unishauri, umeshanishauri. Mwite."

Alipoondoka, Labib alilifungua sanduku la halua, akalitazama, akalifunga.

"Zamani mteja alikuwa anamwogopa wakili," alisema. "Baba yangu alikuwa akikunja uso tu, mfanyabiashara wa pamba anaomba radhi. Andaa wito, Sajini."

Mahakama ya Manshiyya ilijengwa na watu walioamini kwamba haki ni lazima ipandiwe. Ngazi zake za marumaru zilikuwa pana, ndefu, na zimelika katikati kwa viatu vya watu wengi waliokuja wakitumaini. Ndani ya chumba cha uchunguzi kulikuwa na hakimu kijana mwenye mafua, karani wake, Haji Ferghali mstari wa mbele, na Attiyat upande wa pili karibu na wakili wake, mikono imefumbatwa mapajani. Hajjat Inshirah alipoingia, Attiyat aliinamisha kichwa, wakili wake akafumba macho. Mitwalli, aliyekuwa mlangoni akitafuta kazi nyingine, aliingiza kichwa atazame.

Hajjat aliapa kwa Mungu Mtukufu kusema kweli. Labib akasimama. Alikuwa na njia nyingi za kumzungusha shahidi, Wagdi alizijua zote, na alisubiri kuona atatumia ipi. Labib hakutumia hata moja.

"Hajjat, unamjua mwanamke yule?"

"Namjua."

"Alikuwa akilala kwa Bi Dawlat, mwaka wa mwisho wa uhai wake?"

Ferghali alitabasamu. Hajjat Inshirah alinyoosha ushungi wake, akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, kwanza andika kwamba simpendi."

"Hilo halihitajiki, Hajjat."

"Mimi nalihitaji."

Karani alimtazama hakimu. Hakimu alipenga kamasi, akatikisa kichwa kukubali. Karani akaandika.

"Sasa andika," aliendelea Hajjat. "Aliingia Ramadhani niliyomzika mwanangu, akaoka kahk nikiwa nalia, harufu ikanipandia dirishani. Nilimmwagia ndoo. Hiyo nayo andika, sioni haya. Na tangu siku hiyo hadi siku aliyokufa Dawlat, alilala pale."

"Hajjat!" Ferghali alikuwa amesimama. "Hajjat, wewe! Si tulikuwa tumezungumza…"

"Umezungumza wewe," alisema Hajjat.

"Keti, Haji," alisema hakimu. "Huyu ni shahidi wako." Akamgeukia mama. "Una hakika ni Ramadhani hiyo, si iliyofuata?"

"Mheshimiwa, una mtoto?"

"Ninaye."

"Mungu akuwekee. Basi usiniulize kama nakumbuka mwezi."

Hakimu aliinama juu ya karatasi zake kwa muda mrefu kuliko mafua yalivyohitaji. "Sheria inataka aishi pale bila kukatika," alisema, sauti yake imelainika. "Hakulala kwingine? Ana kazi Damanhur. Kuna siku hakurudi?"

"Siku moja. Kulikuwa na mvua, treni zikasimama. Jua likazama, hajapanda ngazi. Nilisimama kwenye dirisha la barabarani mpaka alipotokea kwenye kona, amelowa chapachapa."

"Ulisimama kwa sababu gani, na humpendi?"

Kwa mara ya kwanza Hajjat Inshirah alimtazama Attiyat.

"Nilitaka kumsonya," alisema. "Nilimsonya, nikaenda kulala."

Hakimu alimwamuru karani aandike kwamba shahidi wa mwenye nyumba amethibitisha makazi ya mfululizo. Wakili wa Attiyat alifumbua macho akajikuta ameshinda. Kule mlangoni kichwa cha Mitwalli kilikuwa kimejaa mshangao wa mtu aliyegundua kwamba alipata kusema kweli na hakulipwa ziada.

Nje, Ferghali alimfuta kazi Labib mbele ya watu wote, kwa sauti, mara mbili. Labib alimwinamia kwa adabu ya kizamani, kama baba yake alivyowainamia wenye pamba.

"Hukumu itachukua muda," alimnong'oneza Wagdi, "lakini unaweza kumwambia bawabu aanze kuamka mapema. Sasa turudi kazini, tutafute mteja mwingine mwenye godoro."

Wagdi hakuondoka. Alikuwa akitazama juu ya ngazi. Attiyat alikuwa amemsogelea Hajjat Inshirah, ameinama aushike mkono wake aubusu. Mama aliuvuta mkono haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Acha hayo. Nimeapa mbele ya Mungu, sikuapa mbele yako."

"Ndiyo, Hajjat."

"Na usilie hapa, watadhani umeshindwa."

"Ndiyo, Hajjat."

Hajjat alizitazama zile ngazi za marumaru zilivyoshuka hadi uwanjani. Alijaribu ya kwanza kwa ncha ya kiatu, akairudisha.

"Aliyejenga hizi hakuwa na mama," alisema. Akanyoosha kiwiko bila kugeuka. "Haya, shika. Si huko, huku, upande wa goti bovu. Polepole. Una haraka ya kwenda wapi?"